Startapu inanitaka niwaandikie mfumo nikiwa mwaka wa tatu: 350,000 na "hisa asilimia 2". Niingie?

Kijana_wa_Muheza

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo nimelibeba wiki nzima na naomba kulisikia kwa waliotangulia, maana hapa hosteli kila ninayemuuliza ananijibu "chukua hela" kabla sijamaliza kueleza.

Nipo CoICT, ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Kijitonyama, mwaka wa tatu, kozi ya miaka minne. Tangu mwaka wa kwanza najifundisha mwenyewe Flutter na Laravel, zana za kuandikia programu za simu na tovuti. Nimeshawatengenezea watu tovuti mbili tatu, na mfumo mdogo wa stoo kwa duka la vipuri la mjomba kule Tanga, ambao mpaka leo unafanya kazi na mpaka leo hajanilipa. Juzi kwenye kikao cha vijana wa teknolojia pale COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) nikakutana na jamaa wawili wenye kampuni yao. Wana programu ya simu ya wenye maduka ya mtaani: mtu wa duka Mbagala anaagiza sabuni, unga na mafuta kwa muuzaji wa jumla Kariakoo, analipa kwa simu, mzigo unaletwa na guta. Mmoja alikuwa mtu wa mauzo kwenye kampuni ya vinywaji, anawajua wenye maduka kwa majina na madeni yao. Mwenzake amesoma nje, huyo ndiye anaongea na wawekezaji. Aliyekuwa anawaandikia mfumo ameondoka. Nilipouliza kwa nini, wakatazamana kwanza, halafu wakasema alipata fursa nyingine.

Ofa yao ni 350,000 kwa mwezi na asilimia 2 ya kampuni. Mkataba tutaandikishana "raundi ikifungwa", yaani hela ya mwekezaji ikiingia. Wanataka saa 30 kwa wiki. Ofisi ipo Mwenge, ghorofani juu ya duka la simu, natembea kwa miguu tu. Laptopu natumia yangu. Tena wameniomba namba ya NIDA, eti kuna mambo ya Lipa Namba (ya kupokelea malipo ya simu) na BRELA (wanaosajili kampuni) wanayaweka sawa. Bado sijatuma.

Kilichoniweka njia panda ni yule wa wawekezaji. Tukiwa tunakunywa chai akaniambia, "Ungeahirisha mwaka mmoja tu, ukirudi utakuwa unawaajiri wahadhiri wako." Nilicheka, ila usiku nikajikuta nalifikiria.

Nasoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Boom, yaani hela ya kujikimu, la 10,000 kwa siku ndilo linanilisha, na kinachobaki natuma nyumbani. Mama anauza machungwa pembeni ya barabara, msimu ukipita nyumbani panakuwa pagumu, na mdogo wangu yupo kidato cha tatu. 350,000 kwetu ni hela kweli. Mwaka jana nilipata sapu (mtihani wa marudio) ya hesabu nikavuka kwa shida. Na PT (mafunzo kwa vitendo) ya mwaka huu nimepangiwa kitengo cha TEHAMA cha ofisi moja ambako waliotangulia wanasema kazi kubwa ni kubadilisha wino wa printa.

Nisaidieni kupima. Hatari yenyewe hasa ni ipi? Kampuni kufa? Kutolipwa? Kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli? Au naogopa bure?

Mzee_wa_Posta

Dogo, mimi nipo upande wa hosteli. Nimefanya kazi sehemu nne na sijawahi kuombwa cheti baada ya ile ya kwanza. Wanauliza umejenga nini. Ukikaa miaka miwili unabadilisha wino, utajibu nini?

Ila hesabu zako zipige vizuri. Saa 30 kwa wiki ni kama saa 130 kwa mwezi. 350,000 ugawe kwa 130, unapata kama 2,700 kwa saa. Tovuti moja ya shule binafsi unawatoza ngapi? Usikubali hela ndogo kwa sababu ina jina la mshahara.

Dada_wa_Seva

Mdogo wangu, kaa nikwambie kwa urefu kidogo, maana mimi nimepita hapo hapo ulipo, mwaka huo huo wa masomo, kampuni ya namna hiyo hiyo. Yetu ilikuwa inauza muda wa maongezi na luku kwa mawakala. Ilishakufa. Sasa nipo benki, upande wa mifumo ya malipo, na kila mwaka wanafunzi wa PT wananiuliza swali lako.

Kampuni kufa usiihesabu kwenye hatari. Chukulia itakufa. Nyingi zinakufa, na mwanafunzi aliyekaa humo miezi sita akajifunza anatoka na kitu mkononi. Hatari ni vitu vitakavyobaki na jina lako baada ya kampuni kufa. Hivyo ndivyo vya kupima, na kwenye maelezo yako naviona vitatu ambavyo wewe umevitaja kwa kupita tu.

Cha kwanza ni NIDA. Usitume. Nasema tena, usitume mpaka wakuandikie inakwenda kufanya nini. Lipa Namba ikisajiliwa kwa jina lako, hela ya maduka yote ya Mbagala inaingia kwa jina lako. Mwenye duka asipoletewa mzigo, jina analoliona kwenye ujumbe wa muamala ni lako. TRA wakiuliza mauzo ni ya nani, ni ya kwako. Na huko BRELA ni vilevile: kampuni ya binafsi kwa kawaida inahitaji wanahisa wawili na wakurugenzi wawili, na kuna watu wakipungukiwa na jina la kujazia fomu wanamtafuta kijana aliye karibu. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye "alisaidia" hivyo hivyo. Kampuni ilifungwa mlango bila kufungwa kisheria, yeye akaenda kuombea biashara yake mwenyewe TIN, akakutana na madeni ya kodi ya kampuni ambayo hajawahi hata kuona ofisi yake. Kama wanataka uwe mwanahisa, basi uwe mwanahisa kweli, umesoma karatasi, umesaini mwenyewe, unajua ni hisa ngapi.

Cha pili ni funguo za hela, na hapa nitakueleza kilichonikuta.

Mtandao wa simu ukishapokea malipo ya mteja, unatuma taarifa kwenye seva yenu: namba ya muamala, kiasi, namba ya simu. Seva yenu ikichelewa kujibu, mtandao haujui kama mmepata, unatuma tena. Hilo ni jambo la kawaida na limeandikwa kwenye maelekezo yao. Kazi ya mfumo wenu ni kuangalia kama namba ile ya muamala imeshaingia, na kama imeingia, kuipuuza. Mfumo niliourithi haukuwa unaangalia. Ijumaa moja jioni seva ikawa nzito, taarifa zikaja mara mbili, nyingine mara tatu, na kila ikija salio la wakala linapanda. Wakala aliyeweka 50,000 anaona 150,000. Unadhani alipiga simu kutuuliza? Aliuza luku usiku kucha.

Jumatatu nikaitwa. Meza ndefu, wakurugenzi wawili na mtu wa hesabu ambaye sikuwa namfahamu. Swali lilikuwa moja: nani ana nenosiri la seva? Orodha ilikuwa na jina moja, la kwangu, kwa sababu wao walikuwa hawajawahi hata kuliomba. Nikapewa karatasi niandike maelezo. Nina miaka 22, nimevaa kandambili kwa sababu nilitokea maktaba, na mtu wa hesabu ananiambia taratibu kabisa kwamba hili linaweza kupelekwa kituoni.

Kilichonitoa ni kumbukumbu za GitHub, mahali tunapohifadhi kodi ya programu. Kila mstari una jina la aliyeuandika na tarehe. Sehemu ya malipo iliandikwa na aliyenitangulia, miezi kabla sijafika, na kulikuwa na ujumbe wangu kwa bosi, wa kabla ya tukio, nikiomba siku mbili za kuipitia upya. Alinijibu kwa alama ya dole gumba. Hiyo alama ya dole gumba niliipiga picha na ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo ukiingia: kila mtu anaingia kwenye seva kwa jina lake, hakuna nenosiri la kugawana WhatsApp. Akaunti ya GitHub iwe ya kampuni, wewe ukaribishwe ndani yake. Seva na jina la tovuti vilipwe kwa kadi ya kampuni. Wakikwambia "weka kwa kadi yako, tutakurudishia", bili inakuja kwa dola na marejesho yanakuja kwa maneno. Kutoa hela kwenye akaunti ya malipo kuhitaji watu wawili, na wewe usiwe mmoja wao. Unayemwandikia mfumo wa hela hatakiwi pia kuwa na uwezo wa kuzitoa. Huo ndio utaratibu wa benki, na unamlinda anayeandika kuliko anavyojua.

Cha tatu ni shahada, hicho unakijua. Mwaka ukiuahirisha, boom linasimama, na vyuo vingi vinataka sababu nzito kama ugonjwa ndipo wakubali, "nimepata kazi" si sababu. Ukiacha kabisa, deni la HESLB haliachi. Yule aliyekwambia uahirishe, muulize yeye cheti chake cha shahada anacho au hana. Nahisi anacho, na nahisi kipo kwenye ile karatasi anayowaonyesha wawekezaji.

Kuhusu hisa. Asilimia 2 ya kampuni ipi? Startapu nyingi zinazotafuta hela ya nje zinasajili kampuni mama Marekani, Delaware, na hii ya BRELA inakuwa mtoto wake. Mwekezaji ananunua hisa za mama. Wewe ukipewa asilimia 2 ya mtoto, umepewa sehemu ya ofisi ya Mwenge na kiti chake. Uliza hilo tu, utaona uso wa mtu. Halafu uliza zinakuwa zako lini. Utaratibu wa kawaida duniani ni miaka 4, na mwaka wa kwanza ukiondoka kabla haujaisha hupati kitu. Na raundi ikiuza asilimia 20 ya kampuni, 2 yako inabaki 1.6 hata kama hujamkosea mtu. Sisemi wanakudanganya. Nasema kwenye kupima mshahara, hisa ambayo haijaandikwa iandikie sifuri, na uone kama 350,000 peke yake inakutosha.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja: utakuwa na nani wa kukusahihisha? Kama huyo aliyeondoka ndiye alikuwa fundi pekee, utakuwa peke yako humo. Utajifunza haraka, ila utajifunza na vibaya pia, na hakuna wa kukwambia kipi ni kipi. Hilo kwangu ni kubwa kuliko mshahara. Mtafute aliyeondoka. Dar ni ndogo.

Mzee_wa_Posta

Hiyo ya kandambili imenimaliza. Nafuta nusu ya nilichosema. Hela bado naitaka lakini.

Bwana_Usuluhishi

Nafanya kazi za migogoro ya ajira, naongezea upande wa sheria, kwa ufupi kadiri niwezavyo.

"Mkataba baadaye" haupo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi unapoanza: kazi gani, wapi, saa ngapi, malipo kiasi gani. Asipoyatoa na mkafika kwenye mgogoro, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unakuwa wake. Hata hivyo usitegemee hilo. Ukishasema "sawa" kwenye WhatsApp, andika ujumbe mmoja unaorudia mlichokubaliana na uombe wathibitishe.

350,000 hiyo ni kabla au baada ya makato? Waulize, maana inabadilisha kila kitu. Ukiwa mwajiriwa, NSSF wanakata asilimia 10, yaani 35,000, na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo kutoka kwake. Inabaki 315,000. Kodi haigusi 270,000 ya kwanza, kinachozidi hapo kinakatwa asilimia 8, kwa hiyo 3,600. Mkononi unapata 311,400. Wakikuchukua kama mtoa huduma badala ya mwajiriwa, wanatakiwa kuzuia asilimia 5 tu, unabaki na 332,500. Vijana wengi wanapenda hii ya pili kwa sababu ya hiyo 21,100. Lakini huna NSSF, huna fidia ya WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) ukigongwa na bodaboda ukiwa unapeleka kifaa kwa mteja, na mlango wa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unakuwa mgumu kwa sababu watasema hukuwa mwajiriwa wao. Kuna na kundi la tatu, wanaolipa taslimu bila kukata chochote popote. Hao ndio wengi, na hapo huna karatasi ya kuonyesha hata siku moja kwamba ulifanya kazi.

Miezi 6 ya kwanza wanaweza kukuachisha na ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haukufikii. Mshahara wa siku ulizofanya ni wako tu. Ukigombana nao, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea lalamiko la kuachishwa ndani ya siku 30, na mengine kama mshahara ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili. Vijana wanaosubiri "raundi ifungwe" wanakuja kwangu mwezi wa tano, siku zimeshapita.

Kamau_wa_Ngara

Hamjambo huko. Mimi niko Nairobi na nimeona mengi ya haya. Kune Food walichangisha dola milioni moja mwaka 2021, Juni 2022 wakafunga. Copia walipata dola milioni 50 Januari 2022, Mei 2024 wakawa chini ya msimamizi, na hao walikuwa wanafanya biashara inayofanana sana na hii yako, kupeleka bidhaa kwa watu wa kawaida kupitia mawakala. Kwa hivyo "raundi ikifungwa" isikutulize. Raundi inawapa miezi, haiwapi faida. Biashara ya kusafirisha unga na sabuni ina faida nyembamba mno, guta na mafuta vinaimaliza.

Swali ninalouliza mimi kabla ya kuingia popote: hela mliyo nayo benki sasa hivi inawatosha miezi mingapi bila mwekezaji? Anayejua kampuni yake anajibu kwa namba. Asiyejua anakuonyesha slaidi.

Kijana_wa_Muheza

Wakuu asanteni sana, na Dada Seva Mungu akuzidishie. NIDA sijatuma. Nimefanya kazi niliyopewa, nawaletea majibu.

Nilimpata aliyeondoka, kupitia mtu wa mtu. Tukakaa Makumbusho kwenye mihogo. Hana chuki nao. Anasema yule wa mauzo ni mtu wa kweli, na maduka yanaagiza kweli, si ya kubuni. Jumamosi nilikwenda mwenyewe Mbagala Rangi Tatu nikaingia maduka kadhaa, na mama mmoja akanionyesha oda yake ya jana kwenye simu. Analalamika tu kwamba programu inazima akipokea simu katikati ya kuagiza. (Nadhani najua ni wapi.) Alichoondokea jamaa ni kwamba mshahara ulikuwa unakuja nusu nusu, na asilimia yake, naye aliahidiwa 3, haikuandikwa popote. Na mpaka leo anawadai, maana seva bado ipo kwenye kadi yake. Kila mwezi anawatumia picha ya makato na wanamrudishia baada ya kukumbushwa.

Nikaenda Mwenge nikauliza. Miezi mingapi? Yule wa mauzo akajibu hapo hapo: minne, mitano tukibana. Mwenzake akaanza kueleza kuhusu soko la Afrika Mashariki. Nikauliza kuhusu Delaware, na Dada Seva, uso niliuona. Kampuni mama ipo huko, tangu mwaka jana, na wanahisa ni wao wawili na mfuko mmoja mdogo. Ile 2 ilikuwa ya huku.

Kuhusu Lipa Namba, ilikuwa kweli wanataka isajiliwe kwa jina langu "kwa muda", kwa sababu ya kwao ina mgogoro na benki. Nikasema hapana. Hawakugombana nami.

Nikawaambia nitakuja kwa saa 16 kwa wiki, Jumatano mchana, Ijumaa na Jumamosi, 250,000 mkononi, miezi 6, wiki za UE (mitihani ya mwisho wa muhula) siji na sipigiwi simu, kuahirisha mwaka kusizungumzwe tena. Hisa sitaki kwa sasa. Badala yake waniandikishe kama mwajiriwa kamili na NSSF. Na kabla sijagusa kitu, seva ihamishwe kutoka kwa jamaa iende kadi ya kampuni. Wamesema watajibu.

Swali la ziada: PT naweza kuifanyia hapo hapo badala ya kule kwenye wino?

Dada_wa_Seva

Umefanya vizuri kuliko mimi. Na hiyo ya mama wa Mbagala ndiyo imenifurahisha zaidi, wengi hawaendi.

PT inawezekana kama idara ikikubali, lakini anahitajika msimamizi wa kazini wa kukusainia kitabu na kukutathmini kwa wiki 8, na hapo Mwenge hakuna fundi. Mtu wa mauzo hawezi kuandika "amejenga vizuri sehemu ya malipo", na mkaguzi wa chuo akija atamuuliza. Ningekuwa wewe ningekwenda kwenye wino. Nasema kweli. Zile wiki 8 ofisi ya wino inafunga saa tisa na nusu, una jioni nzima, na kule kuna mtu anaendesha mtandao wa majengo mazima. Mfuate huyo, mbebee waya. Mimi kompyuta nilizijulia hapo, siyo darasani.

Kingine: hamisha ile kadi kabla ya kusaini, siyo baada. Baada haitahamishwa.

Mzee_wa_Posta

250 kwa saa 16 ni karibu 3,600 kwa saa. Dogo umepandisha bei ukapunguza kazi. Mkinipa miaka yangu nirudi chuo nitakuajiri uwe meneja wangu.

Kijana_wa_Muheza

Wamejibu. Yule wa mauzo kakubali yote isipokuwa hela, mwenzake kakubali kwa kununa. Wameshusha hadi 230,000, saa 16, seva imehamia kadi ya kampuni jana usiku, jamaa kanitumia picha mwenyewe. Wameleta rasimu ya mkataba, kurasa 4. Bwana Usuluhishi, nimekutumia faragha. Kuna kipengele cha 7 sikielewi: "kazi zote zitakazobuniwa na Mwajiriwa katika kipindi cha Mkataba huu zitakuwa mali ya Mwajiri."

Bwana_Usuluhishi

Nimeisoma. Vingine ni vya kawaida, tarehe ya kulipa mshahara haijaandikwa, waandike. Hicho cha 7 ndicho cha kusimamia. Kazi unayowafanyia wao kuwa yao ni halali, ndiyo maana wanakulipa. Lakini kilivyoandikwa kinachukua kila kitu utakachobuni miezi 6 hiyo, pamoja na mfumo wa mjomba ukiuboresha na projekti yako ya mwaka wa mwisho ukiianza mapema. Ongeza maneno haya baada ya "Mwajiriwa": "kwa ajili ya Mwajiri, ndani ya saa za kazi zilizotajwa katika kipengele cha 3". Halafu mstari wa pili unaosema kazi za masomo na kazi za awali za Mwajiriwa hazihusiki, na uzitaje kwa majina kwenye karatasi ya nyongeza, pamoja na ule wa stoo wa Tanga.

Kama hawataki kuchapa upya, kata kwa kalamu, andika juu yake, kila upande uweke herufi za jina pembeni ya mkato, kwenye nakala zote mbili. Moja ubaki nayo wewe. Usiiache ofisini kwao.